Hewa ya Chumba cha Fundi

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa chumba cha kazi. Palikuwa na cherehani moja, meza ndefu ya kukatia, na kamba iliyofungwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kwenye kamba zilining'inia sare za shule. Sketi za buluu, kaptura za kijivu na mashati meupe. Mashati mengi meupe.

Mwenye chumba aliitwa Fundi na kila mtu mtaani. Mkewe aliitwa Mama Kifungo. Kifungo ndiye binti yao. Alipozaliwa alikuwa mdogo na wa mviringo. Fundi alimpokea mikononi akasema, "Huyu si mtoto. Huyu ni kifungo cha koti." Jina likaganda.

Sasa Kifungo alikuwa anakaribia mwaka mmoja. Alishinda chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa. Cherehani ilipoanza kulia, naye alianza kutikisa kichwa. Ilipokimbia, alitikisa haraka. Iliponyamaza, alinyamaza, akamtazama baba yake kama anayeuliza mbona ameacha.

"Huyu atakuwa fundi," Fundi alisema.

"Atakuwa mteja msumbufu," mkewe alijibu. "Tazama anavyokuharakisha."

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wazazi waliosahau sare likizo nzima sasa walikumbuka wote kwa pamoja kwamba watoto wamerefuka. Fundi alipima na kukata. Mama Kifungo alishona kola, akatia vifungo, akapiga pasi.

Madirisha yalifungwa kutwa. Barabara ya mbele ilikuwa ya vumbi, na kila gari lililopita liliacha wingu zima. Vumbi likigusa shati jeupe, shati hufuliwa upya na kupigwa pasi upya. Kwa hiyo kila msimu wa sare walijifungia. Walitokwa jasho, lakini mashati yao yalisifiwa mtaa mzima kwa weupe.

Jioni moja, walipokuwa wakila, Mama Kifungo alisema, "Kesho ni siku ya kliniki. Kifungo bado hajapata chanjo ya surua. Ilikuwa apate akiwa na miezi tisa."

"Si ulimpeleka?"

"Nilimpeleka. Tulikuwa peke yetu. Nesi akasema chupa moja ni ya watoto kumi. Akiifungua kwa mtoto mmoja, inayobaki itamwagwa. Akaniambia nirudi siku yenye watoto wengi."

"Na wewe hukurudi."

"Nirudi vipi, umenijazia kola mpaka kitandani?"

Fundi alicheka. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mke wangu, sikiliza. Mara ya mwisho alipochomwa sindano, alipata joto, akashinda mgongoni kwako. Hukushona hata kola moja. Sasa hivi tukipoteza siku, mashati haya hayatoki. Shule zikifunguliwa tu, nitampeleka mimi mwenyewe. Na surua yenyewe iko wapi? Mtaa huu sijaiona miaka."

Mama Kifungo alitaka kubisha. Lakini aligeuka akaitazama ile kamba ya mashati.

"Shule zikifunguliwa," alisema. "Usije ukanigeuka."

"Nikikugeuka, unishone mdomo."

Siku chache baadaye alikuja muuza mkaa wa mtaa wa pili. Alikuja na mwanawe apimwe kaptura. Mtoto yule alikuwa anakohoa. Pua ilikuwa inamtoka kamasi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama akiegemea mlango kama mzee aliyetoka safari.

"Huyu vipi?" Fundi aliuliza. "Umempulizia mkaa machoni?"

"Mafua tu," muuza mkaa alisema. "Ana joto kidogo tangu juzi. Mpime haraka nikamlaze."

Mama Kifungo alikuwa mwanamke mwangalifu. Alimwona mtoto yule, akainama chini ya meza, akamchukua Kifungo, akatoka naye nje. Alikwenda naye upande wa pili wa nyumba, mbali na mlango. Akambembeleza huko mpaka aliposikia muuza mkaa akiaga.

Aliporudi, Fundi alikuwa anakunja tepu ya kupimia.

"Wameondoka?"

"Wameondoka. Mtoto anachemka kama pasi."

"Ndiyo maana nimemtoa wangu. Mafua ya mwaka huu mabaya."

Alimrudisha Kifungo chini ya meza. Madirisha yalikuwa yamefungwa kama kawaida. Mlango nao wakaurudishia, maana lori lilikuwa linapita. Mama Kifungo akarudi kwenye kola zake. Moyo wake ulikuwa mweupe. Mtoto wake hakuguswa na mgonjwa, wala mgonjwa hakumkohoa usoni. Hawakuonana hata kwa macho.

Zaidi ya wiki moja ilipita. Asubuhi moja Kifungo aliamka ana joto. Kisha kikohozi. Kisha macho yakawa mekundu, akawa anayafumba mwanga ulipomwangukia.

"Yale mafua," Fundi alisema.

"Tulimtoa nje," mkewe alisema.

"Basi ni mafua mengine."

Katika kabati kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, vilivyobaki wakati Fundi alipougua kidonda cha mguu. Mama Kifungo alifungua kimoja, akachanganya unga wake na maji, akamnywesha mtoto. Joto halikushuka. Akampa tena.

Kazi haikusimama. Watoto waliendelea kuingia kujaribu sare. Mabinti wa kinyozi waliingia, pacha wawili, pamoja na mdogo wao wa mwaka mmoja aliyebebwa. Mtoto wa mshona viatu aliingia. Kaptura zilivaliwa na kuvuliwa, sketi zikapunguzwa kiuno. Chini ya meza Kifungo alikuwa anakohoa.

Kisha vipele vilitokea. Vilianza nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikashuka kifuani. Jirani mmoja alichungulia mlangoni akasema, "Hiyo ni surua. Msiwe na wasiwasi, kila mtoto hupitia. Mfunikeni vizuri itoke yote, na msimtoe nje."

Walimfunika. Chumba kikazidi joto. Siku iliyofuata Kifungo alikataa kunyonya. Mbavu zake zikawa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Mama Kifungo alitazama zile mbavu, akasimama, akachukua kanga.

"Twende."

"Wapi? Wamesema tusimtoe."

"Baba Kifungo, mtoto hapumui. Unaniuliza wapi?"

Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti kavu. Alimwona mtoto, akawaruka watu wote waliokuwa kwenye benchi, akamwingiza ndani. Alimsikiliza kifua. Alitazama mdomo na macho. Alimpa matone ya vitamini A, akamwekea bomba la hewa puani, akaagiza gari la kwenda hospitali.

"Ni surua," alisema. "Na imeshuka kwenye mapafu. Amechanjwa?"

Mama Kifungo alimtazama mumewe.

"Nimeuliza, amechanjwa?"

"Shule zikifunguliwa," Fundi alisema.

Nesi aliandika kitu, kalamu yake ikikwaruza. Halafu akauliza, "Amekutana na mtoto gani mgonjwa?"

"Hajakutana na yeyote," Mama Kifungo alisema haraka. "Alikuja mtoto wa muuza mkaa, ana kikohozi na macho mekundu. Lakini nilimtoa wangu nje. Hawakuonana. Nilimrudisha wao walipokwisha kuondoka."

"Walipokwisha kuondoka, ulikaa muda gani?"

"Nilirudi hapo hapo."

"Madirisha yalikuwa wazi?"

"Huwa tunafunga. Vumbi. Mashati meupe."

Nesi aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua ukavu.

"Mama, ulifanya jambo la akili. Lakini kirusi cha surua hakiondoki na mgonjwa. Mgonjwa akikohoa, kinabaki hewani. Katika chumba kilichofungwa kinaweza kuelea mpaka muda wa saa mbili baada ya yeye kwenda zake. Ulimtoa mtoto hewa ilipokuwa bado nzuri kidogo. Ukamrudisha ilipokuwa imejaa."

Mama Kifungo alikaa kwenye sakafu.

"Hicho kirusi ni mdudu gani?" Fundi aliuliza. "Mbona mimi sikumwona? Mimi naona hata uzi uliokaa vibaya kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya barabara."

"Hata hadubini yetu hapa maabara haikioni. Ni kidogo mno. Tena hakiwezi kufanya kazi peke yake. Wewe si fundi?"

"Fundi, ndiyo."

"Basi fikiria mtu asiye na cherehani, asiye na uzi, asiye na kitambaa. Ana kiolezo tu, ile karatasi ya kukatia. Anaingia kwenye chumba chako kwa nguvu, anakulazimisha uache kazi zako, ushone nguo zake yeye. Unashona mpaka cherehani inavunjika. Nguo hizo zote zinatoka, na kila moja ina kiolezo kile kile mfukoni. Kila moja inatafuta fundi mwingine. Ndivyo kirusi kinavyofanya katika chembe za mwili."

Fundi alimtazama mtoto. Kifua kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

"Nilimpa vidonge," Mama Kifungo alisema kutoka sakafuni. "Vile vya rangi mbili."

"Vile vinaua vijidudu vya aina nyingine, bakteria. Kirusi havikigusi. Hospitali watampa dawa za mapafu, kwa sababu bakteria nao wameingia mlango ukiwa wazi. Lakini hakuna dawa ya kukiua kirusi cha surua chenyewe. Kuna kukizuia kabla hakijafika. Chanjo inauonyesha mwili kirusi kilichodhoofishwa, kisicho na nguvu ya kuvunja. Walinzi wa mwili wanajifunza sura yake. Siku kile cha kweli kikija, wanakikamata mlangoni. Lile joto dogo baada ya sindano, mara nyingi ni walinzi wanafanya mazoezi."

"Joto lile," Fundi alisema taratibu, "ndilo nililolikwepa."

Gari lilikuwa linanguruma nje. Nesi alimpa Mama Kifungo mtoto, kisha akamshika Fundi mkono.

"Mama anatosha kwenda. Wewe nina kazi na wewe. Leo, jana na juzi, watoto gani wameingia katika chumba chako?"

Fundi alijua mara moja anachotakiwa.

"Mtoto mgonjwa wa surua huambukiza hata kabla vipele havijatoka," Nesi alisema. "Wale wa siku hizi tatu bado wana nafasi. Wakichanjwa upesi, chanjo inaweza kuwahi. Ikichelewa kidogo, bado itawafaa kwa siku za mbele. Lakini mimi siwajui. Unawajua wewe."

"Nesi, nikipita mlango kwa mlango nikisema chumba changu kina surua, nani ataniletea kitambaa tena? Huu ndio msimu. Ndio mwaka wetu mzima huu."

"Sitakufunga kamba nikuburute."

Mama Kifungo alikuwa ameshaingia garini. Aliyasikia yote kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Baba Kifungo," alisema. "Mashati tulishayatanguliza safari moja. Angalia."

Alinyanyua kanga kidogo, akamwonyesha uso wa mtoto. Kisha gari likaondoka.

Fundi alirudi nyumbani. Akafungua madirisha yote. Vumbi likaingia na kutua juu ya mashati, na yeye akasimama mbele ya kamba akitazama sare moja moja. Kila sare ilimkumbusha mtoto aliyeijaribu. Akatoka.

Alianza kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Binti zako wamechanjwa surua?" Fundi aliuliza.

"Wakubwa, ndiyo. Mdogo bado. Kwani umehamia zahanati?"

"Mwanangu ana surua. Wanao waliingia juzi kujaribu sketi. Mpeleke mdogo leo leo, Nesi anasema bado kuna nafasi."

Mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Ulijua mwanao anaumwa?"

"Nilijua ana kikohozi."

"Ulijua anakohoa, ukanikaribishia watoto wangu. Ukasema karibuni, karibuni, sketi ziko tayari. Kwa hiyo ulinipima mimi kwa tepu gani, Fundi?"

"Nina makosa. Lakini mpeleke mtoto."

"Nitampeleka. Si kwa sababu yako. Na sketi zangu nazitaka hata kama hazina pindo. Nitawafunga kwa pini."

Mteja aliyenyolewa nusu akasema, "Na mimi je?"

"Wewe nywele zako si surua, subiri," kinyozi alijibu. Akavua aproni, akaenda kumchukua mtoto.

Milango mingine ilikuwa hivyo hivyo. Mmoja alimshukuru. Wawili walimtukana kisha wakavaa viatu kwenda zahanati. Mwanamke mmoja alichukua kitambaa chake hapo hapo, kikiwa kimeshakatwa, akaondoka nacho kwa ncha za vidole kana kwamba kinanuka.

Mshona viatu alimsikiliza mpaka mwisho, msumari mdomoni.

"Mwanangu ana damu nzito," alisema. "Ugonjwa haumkai."

"Kaka, hata mimi nilisema surua haipo mtaani."

"Wewe umesema, mimi sijasema. Kila mtu na kwake."

"Nakuomba. Nikubebee mtoto mimi mwenyewe nimpeleke?"

"Fundi, kamshughulikie wa kwako."

Fundi akaenda, maana milango mingine ilikuwa inangoja.

Jioni ile Nesi alifungua chupa ya chanjo, kisha ya pili. Aliwapigia simu wakubwa wake, na siku zilizofuata timu ikaja na masanduku ya baridi, ikapita mtaa hadi mtaa. Mdogo wa wale pacha wa kinyozi hakuugua. Wote waliofikishwa kliniki haraka kutoka chumba cha Fundi hawakuugua, isipokuwa mmoja aliyepata vipele vichache na joto la siku mbili. Mtoto wa mshona viatu aliugua sana. Alilazwa wodi ile ile ya Kifungo, kitanda cha pili yake. Mshona viatu aliketi kando ya kitanda, na Fundi aliketi kando ya kingine. Hawakusemeshana. Siku moja tu mshona viatu alisema, bila kugeuka, "Ungenibebea kwa nguvu." Mtoto wake alipona, amekonda kama kijiti.

Kifungo naye alipona. Ndivyo walivyosema wote. Mapafu yalisafika, vipele vikanyauka, ngozi ikabambuka kama ganda la kitunguu. Masikio yalitoka usaha, wakayatibu, usaha ukakauka. Wakarudi nyumbani. Alinyonya, akanenepa kidogo, akacheka alipotekenywa.

Muuza mkaa alikuja kuwaona. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Wangu alikuwa na surua," alisema. "Alitoka vipele tulipofika nyumbani siku ile. Sikujua, mama."

"Ulijua anaumwa," Mama Kifungo alisema.

"Nilijua anaumwa. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa."

Mama Kifungo aliyatambua maneno yale, yalikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Alivuta kigoda, akakisukuma kwa mguu kuelekea mlangoni. Muuza mkaa akakaa. Lakini hakuna aliyemsamehe mwenzake.

Kazi zilikuwa zimepungua, lakini hazikuisha. Siku moja Fundi alikuwa anakata kitambaa, Kifungo akiwa chini ya meza, mgongo umeelekea kwake. Mkasi mkubwa ukamponyoka, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Mama Kifungo aliruka kutoka kitini. Jirani aliuliza kutoka nje kuna nini.

Kifungo aliendelea kucheza na kipande cha kitambaa.

Fundi aliutazama mkasi. Akauokota. Akauangusha tena, makusudi, nyuma ya mtoto. Akauangusha mara ya tatu.

"Acha," mkewe alisema.

Fundi alikaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga bila kitambaa, bila uzi, haraka, haraka zaidi. Sindano ilipanda na kushuka hewani. Kichwa cha mtoto hakikutikisika.

"Baba Kifungo, acha. Nimeshaona. Nilishaona tangu wiki tuliyotoka hospitali. Nilikuwa nangoja uone mwenyewe, maana mimi sikuweza kulitamka."

Daktari wa masikio aliwaambia kwamba surua ilikuwa imeharibu usikivu wa masikio yote mawili. Hakuwaficha. Alisema hautarudi. Aliwaeleza kuhusu shule ya watoto wasiosikia na lugha ya alama, na akawaambia wazazi pia waanze kujifunza, wasingoje mtoto akue.

Siku ya kliniki iliyofuata Mama Kifungo alikwenda kwa Nesi. Alingoja mpaka benchi likaisha.

"Nina swali," alisema. "Siku ile nilipokuja, nikiwa peke yangu, ukasema chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Ungeifungua, mwanangu angesikia?"

Nesi hakuangalia pembeni.

"Uwezekano ni mkubwa sana kwamba asingeugua."

"Kwa hiyo si mimi peke yangu."

"Si wewe peke yako. Nilifikiria zile dozi zitakazomwagwa. Sikumfikiria mtoto asiyerudi. Ningeifungua. Nilipaswa kuifungua."

"Usiniombe radhi. Sina pa kuiweka."

"Sikuombi. Nakuambia ninachofanya sasa. Akija mtoto mmoja, nafungua. Hata ikiwa jua linazama, hata ikiwa mvua, nafungua. Na nimewaandikia wa zahanati nyingine."

Mama Kifungo alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Nami nitawaleta."

Aliwaleta. Mwanamke akija kupimisha sare na mtoto mgongoni, Mama Kifungo alimwuliza, "Ameshapata ya surua? Zote mbili?" Maana Nesi alimfundisha kwamba dozi moja haitoshi, ipo ya pili inayofuata mtoto akikua kidogo, na bila hiyo wengine hubaki bila kinga. Wapo waliomwambia ana kiherehere. Aliwajibu, "Ninacho. Nawe kuwa nacho, umpeleke mtoto kliniki." Na mtu akiogopa joto la sindano, alimleta Kifungo, akamwambia mgeni amwite mtoto kwa jina lake kwa sauti yoyote atakayo. Hakuhitaji kuongeza neno.

Mashati sasa yalifunikwa kwa shuka kuukuu, na madirisha yalikuwa wazi. Mtoto mwenye joto na kikohozi alipimwa nje, chini ya ukingo wa paa, au aliambiwa arudi akipona. Kinyozi hakurudi kabisa. Wengine walirudi polepole.

Kifungo alipofikisha miaka mitatu, alikuwa na mdogo wake wa kiume mwenye miezi tisa. Ilikuwa tena msimu wa sare, na kamba ilikuwa imejaa. Fundi alifunga cherehani, akamwambia mkewe, "Leo hakuna kazi." Wakaenda kliniki wote wanne.

Nesi alimchoma mtoto kwenye mkono. Mtoto alinyamaza kidogo, kama anayefikiri. Kisha alifumba macho, akafungua kinywa chote, akalia. Watu benchini waligeuka. Fundi alimpakata kifuani, na jasho likawa linamtoka kana kwamba yeye ndiye aliyechomwa.

Kifungo alisimama mbele yao. Alitazama kile kinywa kilichofunguka, zile fizi zenye meno mawili, ule uso uliokunjamana wote. Alidhani mdogo wake anacheka. Naye akafungua kinywa chake vile vile, akacheka naye kwa furaha, mpaka mama yao akageukia ukutani.